Kabla hujafyatua, uliza nani yumo ndani

Wiki hii kwenye kipindi tuligusa habari ya gemu kidogo tu, tukapita. Lakini kuna kitu kilibaki rohoni, kwa hiyo naomba nikiandike hapa vizuri.

Baadhi yenu mnajua kwamba nacheza gemu ya kuigiza mtandaoni na binamu zangu. Hakuna picha wala vishindo, tunaandikiana tu. Kila mtu ana meli yake, Bahari ya Hindi ndiyo uwanja, na dadu ya kwenye simu inaamua kama kombora limepiga au limekosa. Mimi niko Penrith, ambako maji makubwa tuliyo nayo ni mto Nepean, basi nikajichagulia manowari. Binamu yangu wa Mombasa, binti wa mjomba, akachagua kuwa haramia. Meli yake inaitwa Mwewe.

Siku moja nikaiona Mwewe kwenye rada, maili kumi hivi. Nikaandika: nafyatua. Dadu ikanipa sita. Nikaandika tena, kwa furaha kabisa, kwamba Mwewe imepasuka katikati na imezama. Kisha nikaenda kulala, manake huku ilikuwa usiku wa manane.

Asubuhi nikakuta ujumbe mmoja: "Nilikuwa na mateka ndani. Hukuuliza."

Nikamjibu kwa mzaha kwamba haramia ni haramia. Hakucheka. Wiki tatu hakucheza, na simu zangu akawa anapokea mamake tu, ananiambia "yuko kazini, mwanangu." Mwishowe alinitumia jina moja bila salamu: Ekawat Nava 5.

Nikaenda kusoma. Novemba 2008, manowari ya India iitwayo INS Tabar ilikutana na meli kwenye Ghuba ya Aden. Jeshi la majini la India lilisema iliamuru meli ile isimame ikaguliwe, maharamia wakatishia kuilipua manowari na kufyatua risasi, nayo ikajibu. Meli ikawaka moto, ikazama. Baadaye ikajulikana kuwa ilikuwa meli ya uvuvi kutoka Thailand, imetekwa muda mfupi kabla, na wavuvi wake walikuwa bado ndani. Wengi hawakuonekana tena.

Hao angalau waliita kwanza. Mimi hata kuita sikuita.

Halafu nikakumbuka mjomba. Miaka ile alikuwa baharia kwenye meli za mizigo, akipita njia hiyo hiyo ya Aden. Hakutekwa, alhamdulillahi. Lakini kila safari nyumba nzima ilikuwa inasubiri simu. Mimi nilikuwa huku Sydney, kwangu maharamia walikuwa taarifa ya habari ya dakika mbili kabla ya michezo. Kwa binamu yangu ilikuwa ni baba. Ndiyo maana kwenye gemu yake kila mara huteka watu na kuwatunza, hawaui. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Basi nikamwomba msamaha, na tukakaa wote, kwa simu, tukaandika sheria upya. Nawapa hapa, labda na nyinyi mna kikundi kama chetu.

Ya kwanza ni ya saa. Penrith tuko mbele ya Mombasa kwa saa saba, na wakati wa kiangazi chetu ni nane. Hakuna kumzamisha mtu aliyelala. Kila mmoja ana saa 24 za kujibu zamu yake.

Ya pili: siandiki kilichompata mwenzangu. Mimi naandika nimefyatua, dadu inasema imepiga au la, na mwenye meli ndiye anaandika madhara. Ile "imepasuka katikati" yangu haikuwa haki yangu kuiandika.

Ya tatu ndiyo tuliyobishania sana. Manowari lazima ijitambulishe, iamuru meli isimame, na ikiweza itume boti ikague, kabla ya mzinga wowote, isipokuwa imeshambuliwa kwanza. Mmoja wetu akasema hiyo inampendelea haramia. Nikamwambia ndivyo bahari ya kweli ilivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 110, unairuhusu manowari kuikagua meli ya kigeni ikiwa ina sababu ya maana ya kuishuku uharamia. Na kama shaka haikuwa na msingi, na meli yenyewe haikufanya lolote la kujitia mashakani, inalipwa fidia. Kwa hiyo kwenye gemu yetu ukikosea, unalipa kutoka hazina yako.

Ya nne inamhusu haramia, manake naye hana ruhusa ya kudanganya. Kabla ya pambano anamwandikia msimamizi kwa siri: nina mateka au sina, na wangapi. Hawezi kuwazua mateka baada ya kuona anashindwa. Manowari haijui jibu, inabidi itafute.

Ya tano: bendera nyeupe inaheshimiwa. Aliyejisalimisha anapelekwa mahakamani, na mahakama yetu iko Mombasa. Hapo binamu yangu alicheka kwa mara ya kwanza. Maana ya kweli ilikuwa hivyo hivyo: kuanzia mwishoni mwa 2008 Kenya ilikubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kuwapokea washukiwa, wengi wakazuiliwa Shimo la Tewa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema haina mamlaka ya kusikiliza makosa ya mbali baharini, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Hata wakubwa walibishana kuhusu sheria.

Kuna anayesema gemu za kampuni zinafanya rahisi zaidi. EVE Online ina polisi wake, CONCORD, lakini wao wanaadhibu baada ya shambulio, aliyepigwa ameshapigwa. Sea of Thieves mwaka 2023 ilifungua bahari ya pembeni kwa wasiotaka kupigana na wachezaji wengine. Sawa, lakini zote mbili hazijibu swali letu: nguvu zisipolingana, haki ni nini?

Mimi nadhani haki si kumpa haramia mizinga mikubwa kama yangu. Angalieni MV Faina, iliyotekwa Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33, ikielekea Mombasa. Manowari za Marekani ziliizunguka na zingeweza kuimaliza kwa dakika chache. Zikasubiri, kwa sababu ya mabaharia waliokuwa ndani. Ikaachiliwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, ikatia nanga Mombasa. Mwenye nguvu kubwa alibanwa na watu asiowaona. Ndicho kinachofanya pambano liwe na maana, hata kwenye gemu.

Ijumaa iliyopita nikakutana na Mwewe tena. Nikajitambulisha, nikaamuru isimame. Binamu yangu akaandika: "Njoo uangalie." Nikatuma boti. Nikasubiri jibu saa kumi na tisa, na kusema kweli nilikuwa naangalia simu mpaka kazini kwenye mkutano.

Ndani kulikuwa na mabaharia wanne. Mmoja, akaandika, ni mzee anayeuliza kama kuna mtu anaweza kumpigia simu nyumbani kwake.

Zamu ni yangu. Bado sijajibu.