Kipunji, Shamba la Mahindi na Haki ya Pande Mbili



Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Mlima Rungwe liko swali linalorudi kila msimu mahindi yanapoanza kubeba: je, ni halali kumwinda kima anayeshuka kutoka msituni na kuingia shambani? Swali hilo ni la zamani, nalo lina uzito, kwa maana linahusu chakula cha watoto. Lakini katika miaka hii imejitokeza hoja nyingine inayoweza kuliongezea utata. Wataalamu wenyewe wamegundua kwamba kipunji, yule kima wa milima yetu ambaye serikali na mashirika yanamlinda, amechanganyika damu na nyani. Basi mtu aweza kusema: ikiwa huyu ni chotara tu, na nyani tunamfahamu kuwa mharibifu wa mazao, kwa nini mkulima azuiwe kumwinda?

Sisi tunaona kwamba hoja hiyo haina msingi, na tutaeleza kwa nini. Lakini tunaona pia kwamba wanaoipinga, mara nyingi, huishia nusu ya njia. Humtetea mnyama kwa maneno mazuri, kisha humwacha mkulima peke yake na hasara yake. Haki ya namna hiyo ni haki yenye mguu mmoja.

Kipunji ni nani

Jina la kipunji lilikuwa vinywani mwa wawindaji wa Rungwe kabla wataalamu hawajamfahamu mnyama mwenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walimwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2004 watafiti wengine, wakiongozwa na Trevor Jones, walimwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu. Mwaka 2005 makundi hayo mawili yalitangaza habari zake kwa pamoja katika jarida la Science.

Ni kima mwenye manyoya marefu ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, uso mweusi, na kishungi cha nywele kilichosimama kichwani. Huishi juu ya miti, kwa makundi, na sauti yake haifanani na ya kima mwingine yeyote. Mwaka 2006, baada ya kuchunguza mwili wa kipunji dume ambaye hajakomaa, wataalamu walikata shauri kwamba mnyama huyu anastahili jenasi yake peke yake, wakaiita Rungwecebus, kwa heshima ya mlima wetu. Tangu mwaka 1923 hakuna jenasi mpya ya kima wa Afrika iliyokuwa imetangazwa. Na yafaa tukumbuke mwili ule ulikotoka: kipunji huyo alinaswa katika mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi, kwenye Mlima Rungwe.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu duniani kote, na kati yao 75 ndio walioonekana Ndundulu. Waliobaki wote walikuwa huku kwetu. Kuna parokia ambazo waamini wake wa Misa za Dominika moja huzidi idadi hiyo. Tangu wakati huo kipunji wameongezeka, nalo ni tunda la ulinzi wa msitu, lakini bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Habari ya damu mchanganyiko

Mwaka 2009 wataalamu walichunguza vinasaba vya kipunji wa Rungwe, hasa sehemu ile ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Waliikuta ikifanana sana na ya nyani wa njano. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba zamani za kale kipunji dume walizaa na nyani jike, na kizazi chao kikaendelea kuishi na kuzaa ndani ya makundi ya kipunji. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba kipunji wa Ndundulu hawana alama hiyo ya nyani. Hivyo ndugu hawa wawili wa ukoo mmoja wanatofautiana: wa Udzungwa hawakuonyesha alama ya mchanganyiko huo, wa Rungwe wanayo.

Ubishi unaotokana na habari kama hizi haukuanzia kwetu. Huko Amerika ya Kaskazini kuna mnyama anayefanana na bweha, aitwaye koyote. Mbwa mwitu walipouawa na kupungua sana upande wa mashariki wa bara lile, koyote walienea huko, wakazaa na mbwa mwitu waliosalia na hata na mbwa wa kufugwa. Hivyo koyote wengi wa mashariki leo ni chotara, tena ni wakubwa kuliko wenzao wa magharibi. Wawindaji na wafugaji kadhaa husema kwamba mnyama asiye mbwa mwitu wala koyote kamili hana haki ya kulindwa. Wengine hujibu kwamba mnyama huyo ameshika nafasi iliyoachwa wazi na mbwa mwitu, na kwamba msitu unamhitaji.

Katika jimbo la North Carolina ubishi huo ulifika mahakamani. Huko waliishi mbwa mwitu wekundu, ambao ni wachache mno duniani, na waliorudishwa porini mwaka 1987 baada ya kutoweka kabisa porini. Mwaka 2012 iliruhusiwa kuwinda koyote usiku. Lakini koyote na mbwa mwitu mwekundu wanafanana, na usiku hata mwindaji hodari hawezi kuwatofautisha. Mwaka 2014 mahakama ilizuia uwindaji wa koyote katika wilaya tano wanamoishi mbwa mwitu hao. Fundisho lake kwetu ni wazi. Sheria iliyomlenga mnyama mmoja ilikuwa imemfikia na mwingine, kwa kuwa risasi ya gizani haiulizi jina.

Na mtego wa magogo wa Rungwe nao hauulizi jina. Anayeutega pembeni ya shamba anamtazamia kima mwizi wa mahindi, lakini gogo humwangukia yeyote apitaye: kima wa kawaida, kipunji, mnyama mwenye mimba, mnyama ambaye hajagusa hata bua moja. Vivyo hivyo mbwa wanaoachiliwa msituni hawachagui. Kwa hiyo hata kama tungekubali kwamba kima fulani anastahili kuuawa, njia tunazozitumia haziwezi kumpata yeye peke yake.

Uchotara si hatia

Sasa tuitazame hoja yenyewe ya uchotara. Tuanze na zizi. Ng'ombe wa maziwa wanaowasomesha watoto wengi wa Rungwe ni chotara wa ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa Ulaya. Hatujasikia mfugaji akisema kwamba ng'ombe wake hana thamani kwa sababu damu yake si safi. Kinyume chake, humnunua kwa bei kubwa zaidi. Basi tukimkataa kipunji kwa sababu ya uchotara, huku tukimsifu ng'ombe kwa sababu hiyohiyo, ni dhahiri kwamba tatizo letu si damu. Tatizo letu ni mahindi, na ni heri tuseme hivyo waziwazi.

Tena wazee wetu husimulia kwamba watu wa bonde hili ni uzao wa waliotoka Milima ya Ukinga wakachanganyika na wale waliowakuta. Hatusemi kwamba mnyama ni sawa na mtu. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na hadhi yake ni ya pekee. Tunasema tu kwamba kuchanganyika ni njia mojawapo ya uhai kuendelea, na kwamba kiumbe hapungukiwi thamani kwa sababu ya babu zake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kabla hatujahesabu faida tunayoipata kwake. Mafundisho hayo hayakuweka sharti la usafi wa damu.

Haki ya mkulima

Hata hivyo, waraka uleule unatufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Hapa ndipo nusu ya pili ya njia inapoanza.

Msitu wa Rungwe ni mali yetu sote. Mlima huu una urefu wa karibu mita 2,960, na mvua zake ni miongoni mwa mvua nyingi kuliko zote nchini. Maji yanayotoka katika milima hii hunywesha watu wa Tukuyu, hustawisha chai na migomba, hushuka kwa mito Kiwira na Mbaka hadi Kyela na Ziwa Nyasa. Mwaka 2009 serikali iliutangaza msitu huu kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, na msitu wa Livingstone umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Faida zake zinafika mbali sana.

Lakini hasara haifiki mbali. Hasara inamwangukia yule mwenye shamba la mwisho, linalogusana na miti. Aghalabu ni mjane, au kijana aliyekosa ardhi mahali pengine. Kima wanapomaliza mahindi yake, maharage yake na viazi vitamu vyake, hakuna mtu wa Tukuyu anayepunguza chakula mezani kwake ili kumfidia. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio mbali na msitu tunauona mzigo wake kuwa mwepesi kwa sababu hatuubebi.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta machozi na kifuta jasho. Lakini kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya madhara ya wanyama hatari, kama vile tembo na simba. Mkulima aliyepoteza magunia mawili kwa kima, mara nyingi hana mlango wa kubisha. Kumwambia mtu huyo asitege mtego, bila kumwonyesha njia nyingine ya kulinda chakula chake, ni kumtwika sheria bila kumtendea haki.

Yatupasayo kutenda

Kwa sababu hizo, msimamo wetu una sehemu mbili, nazo zishikwe pamoja.

Kwanza, uwindaji wa kima msituni na mitego ya magogo ukome. Viongozi wa jumuiya walifundishe jambo hili bila woga, hata pale ambapo mwindaji ni jamaa au mfadhili wa kigango. Anayekata miti na kuchoma mkaa hifadhini ahesabiwe kundi moja na mwindaji, maana kipunji hutembea juu ya miti, na msitu uliokatika ni nyumba iliyovunjwa ukuta. Jitihada za kurudisha miti katika pengo la Bujingijila, kati ya msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone, ziungwe mkono na kila mwenye shamba huko.

Pili, mkulima wa pembezoni asiachwe peke yake. Zamu ya kulinda mashamba wakati wa mavuno iwe kazi ya jumuiya nzima, ili watoto wasiachishwe masomo kwa ajili ya kufukuza kima. Mistari ya mwisho ya shamba, iliyo karibu na miti, ipandwe chai au mmea mwingine usiowavuta kima, na mahindi yasogezwe karibu na nyumba. Vikundi vya ufugaji wa nyuki vipewe nafasi kwa utaratibu wa hifadhi. Ajira za ulinzi wa msitu na mapato ya wageni wanaokuja kumwona kipunji yaanzie kwa kaya zilizopata hasara. Tena serikali iombwe kuangalia upya kanuni za kifuta jasho, ili hasara ya kima nayo ihesabiwe hasara.

Ombi hilo la mwisho halitasikilizwa bila ushahidi. Kwa hiyo tunaziomba jumuiya zote zinazopakana na msitu ziwe na daftari moja, na kila hasara iandikwe: tarehe, shamba, zao, kiasi, na mnyama aliyeonekana. Daftari lisainiwe na mwenyekiti wa kitongoji, kisha nakala iletwe kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia. Neno la mtu mmoja hupuuzwa kirahisi. Maandishi ya vijiji kumi yatampa diwani na mbunge kitu cha kupeleka mbele.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni kaya zipi zinazobeba hasara ya wanyama wa msituni, na msimu uliopita tulizisaidiaje?

2. Je, kuna mitego au mbwa wa kuwindia katika kitongoji chetu? Nani atazungumza na wenye navyo, na lini?

3. Nani atalitunza daftari la hasara, na tutaanza kuandika tarehe gani?