Tumefikiwa, Wanasema

Neno ninalolichukia kuliko yote katika hotuba za mawasiliano ni "kufikiwa". Kata hii imefikiwa. Vijiji kadhaa vimefikiwa. Asilimia kubwa ya Watanzania wamefikiwa na 4G. Ukilisikia ukiwa Sinza au Mikocheni unaweza kulipigia makofi. Ukilisikia ukiwa Kilwa Masoko saa mbili usiku, na ukurasa mmoja wa maktaba ya chuo umegoma kufunguka tangu magharibi, utatamani kumwuliza msemaji: aliyefikiwa ni nani hasa, na alifikiwa saa ngapi?

Mimi nimefikiwa. Nasoma shahada ya uzamili katika chuo kilichoko Dar es Salaam. Ninaowahoji kwa ajili ya tasnifu yangu ni kina mama wanaochokoa pweza huku kwetu, na kodi ya chumba Dar ingekula posho yangu yote, kwa hiyo nakaa nyumbani. Mnara wa simu nauona nikiwa barazani. Nina laini tatu za kampuni tatu, kwa sababu hakuna hata moja inayotosha peke yake. Asubuhi hii inashika, mchana ile, usiku nabahatisha. Takwimu za TCRA zinazotolewa kila robo mwaka huhesabu laini, hazihesabu nyumba. Kwa hiyo shida yangu, ikifika kwenye jedwali, inageuka kuwa habari njema: mtu mmoja aliyekosa huduma ya uhakika anaonekana kama watumiaji watatu.

Nasema nyumba makusudi. Nikilalamika, marafiki zangu wa mjini hunijibu, "Si una bando?" Ndiyo, ninalo. Bando ni intaneti ya mfukoni. Linafaa kwa salamu za WhatsApp, kutuma pesa na kutazama matokeo ya mpira. Intaneti ya nyumbani ni kitu kingine: ipo bila kuombwa, inatumika na kila aliye ndani, haihesabiwi kwa MB, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuitumia bila kumnyang'anya mama yake simu. Hiyo ndiyo ambayo Kilwa hatuna. Wanaoidai huonekana wanadeka.

Tufanye hesabu basi, maana hoja ya kwanza tunayotupiwa ni kwamba watu wa huku hawana uwezo wa kulipia. Darasa la mtandaoni lenye picha hula karibu GB 1 kwa saa. Semina zetu ni za saa tatu, mara mbili kwa wiki, yaani GB 24 kwa mwezi kabla sijafungua makala hata moja. GB moja ya kifurushi cha simu, ukipiga wastani, ni kama shilingi 2,000. Hapo ni shilingi 48,000 za kuhudhuria tu. Ongeza kusoma, ongeza kutuma sauti za mahojiano kwa msimamizi, ongeza mdogo wangu na masomo yake, tunapita 80,000 bila kutazama filamu hata moja. Dar es Salaam, aliyevutiwa faiba nyumbani anaweza kulipa shilingi 55,000 hadi 70,000 kwa mwezi, na nyumba nzima ikatumia hadi ichoke. Sasa asiye na uwezo ni nani? Sisi tayari tunalipa kuliko yeye. Tofauti ni kwamba tunalipa kwa vipande vidogo vidogo, kama anayenunua mafuta ya kula ya kupimiwa kwa kijiko, na mnunuzi wa kijiko siku zote hununua ghali. Ndani ya bei hiyo, kwa viwango vya mwaka 2024, mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 na VAT ya asilimia 18. Kodi hiyo hailegezwi kwa aliyetumia salio lake kutazama kiduara kinavyozunguka.

Niliwahi kumpigia wakala wa kampuni moja ya simu, sitaitaja, kuulizia ruta ya nyumbani iliyokuwa ikitangazwa kila kona. Akaniambia ipo, nilipie. Nikauliza kasi yake kwa Masoko ni ipi jioni. Akacheka kidogo. "Dada, jioni itategemea." Nikamwuliza itategemea nini. "Itategemea na watu." Alikuwa mkweli kuliko matangazo ya kampuni yake. Ruta ya aina hiyo hunywa kutoka mnara uleule tunaogombania sote kwa simu. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa waliopo, na jioni tuko wote. Isitoshe, minara mingi ya vijijini haina faiba chini yake. Hupokezana mawimbi, mnara kwa mnara, kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo za maji. Umeme ukikatika na betri zikaisha kwenye mnara wa katikati, walio mbele yake wote wanakosa maji, hata kama mnara wao wenyewe ni mzima na taa yake nyekundu inawaka. Ndiyo maana unaweza kuwa na vidoti vinne vya mtandao kwenye kioo na usifungue kitu. Kwa hesabu ya serikali, hapo umefikiwa.

Hoja ya pili ni umbali, na hii huwa inanichekesha. Hakuna kitu kinachoipita pwani yetu kwa urahisi kama kinachokwenda kwa wengine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inatoka kisiwani, inapita chini ya bahari hadi Somanga, kisha inasafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo kuzalisha umeme. Bomba kubwa la kutoka Mtwara likafuata, lilianza kazi 2015, nalo likapita mkoani kwetu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009 na sasa una zaidi ya kilomita 13,000, umefika katika mikoa yote ya bara. Unauza uwezo wake hadi Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia. Huko baharini, mashariki yetu, nyaya za kimataifa zimelala tangu 2009 na 2010. Ukitazama ramani, Kilwa imezungukwa na intaneti kama kisiwa kilivyozungukwa na maji ya chumvi. Kiu haikatwi na maji ya namna hiyo.

(Wapo watakaosema Kilwa ni ya magofu na watalii, intaneti ya kasi ya nini. Hao niwakumbushe kwamba mwaka 1944 sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hakuna ajuaye kwa hakika zilifikaje. Zilifika. Faili langu la MB 400 lilitumia siku mbili kwenda Dar.)

Mei 2024 ilituonyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Mvua yake ikabomoa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi upande wetu wa Kilwa, na mabasi na malori yakalala njiani siku kadhaa. Tarehe 12, Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania karibu nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua. Siku hiyohiyo waziri akatoa taarifa. Magazeti yakaandika, mabenki yakalalamika, marafiki zangu wa Dar wakaniandikia kwa ujumbe mfupi wa kawaida: hivi mnaishije hivi? Nilisoma ujumbe ule nikiwa na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Hali iliyoitwa dharura ya taifa ilifanana mno na jioni zetu za kawaida. Ilikuwa imepita siku moja pungufu ya mwaka mzima tangu Mei 13, 2023, pale Dodoma iliposainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Minara ni jambo jema, mimi siipingi. Kuna watu kwenye vijiji vya ndani waliokuwa wakipanda mti ili wapige simu. Ila mnara ukishawashwa na kukatiwa utepe, hesabu yake imefungwa. Hakuna jedwali ninalolijua linalomwambia mwananchi kwamba mnara wa kata yake ulizimika saa ngapi mwezi uliopita.

Wala tusidanganyane kwamba tulikosa mtu wa kutusemea. Waziri aliyetoa taarifa ile, Nape Nnauye, alikuwa mbunge wa Mtama, hapahapa mkoani Lindi. Kilichokosekana ni kelele za wateja wenye nguvu. Aprili 2, 2021 vifurushi vilipopandishwa bei, nchi nzima ilipiga yowe na serikali ikasitisha bei mpya mara moja. Yowe linafanya kazi. Letu linakwama kwenye mnara.

Na wakati huohuo serikali imehamisha milango yake yote mtandaoni. Ajira za serikali huombwa kwenye tovuti. Mkopo wa elimu ya juu, vivyo hivyo. Udahili wa vyuo, zabuni za halmashauri kupitia NeST, namba za malipo, kila kitu. Nenda steshenari yoyote ya Kilwa kipindi cha maombi ya mikopo uone maana yake. Mwaka jana nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, na bahasha ya vyeti vya mjukuu wake mapajani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu mwulize huyu kijana, huo mtandao unarudi leo au tulale hapahapa?"

Kijana wa steshenari alikuwa ameshasikia. "Babu, ukirudi nitaanza na wewe. Wallahi nitaanza na wewe."

Nauli ya kutoka kijijini alikuwa ameshaitumia, na ya kurudi kesho hakuwa nayo. Ukisema intaneti vijijini ni anasa, basi sema pia kwamba mkopo wa chuo ni anasa, ajira ni anasa, kuomba zabuni ya kupika chakula cha semina ya halmashauri ni anasa. Serikali haiwezi kuuhamishia mlango wake juu ya dari halafu ikasema ngazi ni starehe.

Kuhusu setilaiti nitasema machache. Zile za zamani hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo sauti inachelewa na bei inatisha. Hizi mpya zinazozunguka chini, kwenye kilomita 550 hivi, zimebadilisha mambo. Rwanda na Msumbiji huduma yake ilianza 2023, Kenya na Malawi vilevile. Mwaka 2024 ukaisha Tanzania ikiwa haijatoa leseni. Sina mapenzi na bilionea anayeweza kuzima huduma ya nchi akiamka vibaya, na mdhibiti akidai ofisi, kodi na ulinzi wa taarifa za watu wetu, namwunga mkono. Lakini mwenye hoja ya kumlinda mwananchi dhidi ya mgeni anatakiwa awe na cha kumpa mwananchi huyo wakati anasubiri. Ng'ambo ya Ruvuma wanaunganisha sahani juu ya bati. Sisi tunalindwa.

Cha kumpa kipo, wala hakihitaji muujiza. Mahali pa kuanzia ni Nangurukuru, kwenye njia panda ya Masoko, Lindi, Liwale na Dar. Kinachotakiwa ni uwezo wa Mkongo kushushwa pale kwa bei ya jumla inayojulikana na kila mtu, ili TTCL, kampuni yoyote, chama cha ushirika au hata vijana wanne wenye mtaji waununue na kuusambaza majumbani Masoko na Kivinje. Kondoa, mkoani Dodoma, tayari upo mtandao wa jamii uliotumia masafa ya televisheni yaliyo wazi kuunganisha watu wake. Kenya iliweka utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, nyepesi kuliko za kampuni kubwa. Fedha za Mfuko zinaweza kulipia kilomita za mwisho za faiba kama zinavyolipia vyuma vya mnara. Na hapa Masoko inajengwa bandari ya uvuvi kwa mabilioni ya shilingi. Wakichimba mitaro ya maji na umeme, kulaza bomba moja tupu la faiba humo ndani ni gharama ndogo sana. Kuja kuchimba upya baadaye ndiko ghali, na atakayetozwa gharama hiyo ataambiwa Kilwa soko lake dogo.

Kabla ya hayo yote nataka jedwali. TCRA na Mfuko wakitoa ripoti ijayo, waweke kwa kila kata: nyumba ngapi zina huduma isiyopimwa kwa MB, kasi ya saa mbili usiku ni ngapi, na mnara ulizimika saa ngapi kwa mwezi. Wilaya ya Kilwa ina kata zaidi ya ishirini kidogo. Zitaenea kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja, tukivumilia, huwa unafunguka kufikia asubuhi.