Hukumu ya Juma la Kwanza



Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mara kwa mara tunasikia katika parokia zetu kwamba kijana fulani amepata kazi ya miezi mitatu, ya miezi sita au ya mwaka mmoja katika nchi jirani. Tunafurahi pamoja naye. Lakini tuna neno moja la kumwambia kabla hajapanda basi, na neno hilo lilikuwa na gharama. Gharama hiyo hatukuilipa sisi; aliilipa mtoto wa parokia yetu.

Tulikuwa walimu wawili wa Lubumbashi. Shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam ilituita kufundisha Kifaransa kwa muda wa miezi mitatu, wakati mwalimu wao alipokuwa masomoni. Tulipita Kasumbalesa, tukavuka Zambia, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma. Baada ya Kasumbalesa magari yalihamia upande wa kushoto wa barabara. Tunduma tukasogeza saa zetu mbele kwa saa moja. Mikumi tukaona twiga kwa dirisha la basi. Kila kitu kilikuwa kipya, na mtu anayeona mapya huamini upesi kwamba ameelewa.

Siku ya kwanza shuleni, wanafunzi walituamkia: «Shikamoo, mwalimu!» Tukawajibu kama tunavyojibu nyumbani: «Jambo sana!» Wakacheka. Jioni hiyo tuliambiana kwamba watoto wa huko hawana adabu. Kumbe wao walikuwa wametupa heshima ya wakubwa, nasi hatukuipokea, kwa sababu hatukujua kuitikia «Marahaba». Aliyekosa adabu hakuwa mtoto.

Kesho yake tukaingia dukani na kusema: «Tunataka kuuza mkate.» Kwetu Katanga, ninyi mnajua, kuuza ni kutoa pesa na kupokea kitu, anayetoa kitu ndiye anayeuzisha. Mwenye duka alitutazama kwa upole akasema mikate anayo, huletewa kila asubuhi. Tulitoka mikono mitupu, tukimwona kuwa mtu wa ajabu. Tulikuwa tumekwenda kufundisha lugha ya wageni, na hatukuweza kununua mkate kwa lugha tuliyodhani ni yetu.

Mambo hayo mawili yalitosha kutufundisha kunyamaza. Hatukunyamaza. Siku ya tisa tulituma picha kwa simu, katika kikundi cha vijana wa parokia: majengo marefu, bahari, mabasi ya mwendokasi yenye njia yao peke yao. Chini yake tukaandika: «Huku ndiko kwenye maisha. Sisi kwetu tumelala.»

Kijana mmoja alisoma maneno hayo mara nyingi kuliko tulivyodhani. Alikuwa amebakiza miezi michache afanye Mtihani wa Taifa. Alikopa nauli kwa mjomba wake, akaacha masomo, akaja. Alipotupigia simu toka kituo cha mabasi cha Mbezi, tulikuwa katika juma la saba, na tayari tulijua mambo ambayo picha zetu hazikuyaonyesha. Tulikuwa tumesimama katika foleni ya Kimara, tukingojea nafasi katika mabasi yaleyale tuliyoyasifu. Tulikuwa tumebebwa kwa bodaboda na kijana mwenye shahada ya chuo kikuu, ambaye hakuwa amepata kazi nyingine. Mtoto wetu hakuwa na kibali cha kazi wala ndugu wa kumpokea. Alibeba mizigo sokoni Kariakoo mpaka nguvu zikamwishia, kisha akarudi. Mtihani ulikuwa umepita. Mwaka huu anakaa darasa moja na mdogo wake.

Yeye hajatulaumu. Mama yake alituuliza swali moja tu: «Walimu wetu, mlikuwa mmekaa kule siku ngapi mlipoandika vile?» Tulijibu: siku tisa. Hakuongeza neno.

Kitabu cha Hesabu kinasimulia habari za watu 12 ambao Musa aliwatuma kuipeleleza nchi ya Kanaani. Kabla hawajaondoka aliwapa maswali: watu wa huko ni wengi au wachache, udongo ni mzuri au mbaya, kuna miti au hakuna. Walitembea siku 40. Wote waliona zabibu zilezile na miji ileile. Lakini kumi kati yao walirudi na hofu yao wenyewe, wakajiona wadogo kama panzi, na watu wakawaamini. Yoshua na Kalebu hawakusikilizwa. Taarifa ya siku 40 iliwagharimu watu wote miaka 40 ya jangwa. Wao walipima nchi kwa hofu. Sisi tuliipima kwa tamaa. Hasara iliwaangukia waliotusikia.

Labda mtu atasema kwamba jicho la mgeni huona yale ambayo mwenyeji ameyazoea. Ni kweli, na hatutaki mlifumbe. Yaandikeni mnayoyaona, siku kwa siku, katika daftari. Lakini daftari si tangazo. Mengi tuliyoandika juma la kwanza tuliyafuta baadaye kwa aibu, na lililo bora hatukuwa tumeliandika kabisa. Tuliliona katika shule ya msingi ya serikali tulikoalikwa: watoto wakijifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, wakiuliza maswali bila woga wa kukosea maneno. Sisi, ambao tumetumia miaka zaidi ya 25 kueleza somo kwa Kifaransa na kisha kulieleza tena kwa Kiswahili ili lieleweke, tulikaa kimya nyuma ya darasa. Hapo palikuwa na habari ya kupeleka nyumbani. Jambo hilo halina picha nzuri.

Basi, ninyi mtakaokwenda, jifunzeni kwanza salamu za wenyeji na jibu lake. Jipeni siku 40 kabla ya kusema nchi ile ni nzuri au mbaya. Tafuteni mkutano wa sala ulio jirani. Lile tunaloliita shirika, wao huliita jumuiya, na hukutana katika nyumba za watu. Ukikaa katika nyumba ya mtu utajua analipa kodi kiasi gani, mtoto wake anafanya kazi gani, anamshukuru Mungu kwa nini. Hayo hayaonekani kwa dirisha la basi. Na msiseme, «Ni miezi mitatu tu.» Muda wa kukaa ni mfupi, lakini neno lililotumwa nyumbani halirudi pamoja na mtumaji.

Nanyi mnaobaki, mkipokea picha, ulizeni swali la yule mama: umekaa huko siku ngapi? Ulizeni kabla ya kukopa nauli.

Siku ya 41 tuandikieni. Tutasoma kila neno, na yule kijana wetu ameomba asome pamoja nasi.