Wana-Tabaka, Tusafishe Kompyuta Zetu kwa Pamoja

Kuna agizo ambalo limezoeleka hata halimshtui mtu tena: "Zima antivirasi kwanza, ndipo programu ikubali." Limeandikwa ndani ya programu za wizi zinazopakuliwa mtandaoni, na baadhi ya mafundi wetu hulirudia mbele ya mteja mchana kweupe. Mwenye kompyuta analipa, anashukuru, kisha anampeleka mwizi nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe. Haupiti muda, folda zote za kwenye flashi zimegeuka vialama vyenye kimshale kidogo pembeni, na barua pepe yake inatuma ujumbe ambao hakuuandika. Chanzo tunakijua: programu halali ina bei, ya wizi ni ya bure, na flashi moja huzunguka saiba, shuleni na nyumbani. Linalotia uchungu ni kwamba tumeliona hili, tukalizoea, tukanyamaza.

Tabaka haina nafasi ya kunyamaza. Mji huu unaishi kwa jiwe la sabuni: linachimbwa hapa, linachongwa hapa, linasuguliwa kwa msasa na maji hapa, kisha vinyago vinavuka bahari hadi Ulaya na Marekani. Oda, picha, ankara na nambari za akaunti ya benki hupita kwenye barua pepe. Programu hasidi inayoiba nywila haina haja ya kuvunja mlango wa karakana. Humpa mhalifu ufunguo wa barua pepe, naye husoma mazungumzo kimyakimya, na siku ya malipo humtumia mnunuzi ankara ileile yenye nambari nyingine ya akaunti. Jasho la mchongaji na la mama aliyesugua lile jiwe limeishia kwa mtu asiyejua hata patasi inavyoshikwa. Wapo watakaosema, "Mimi sina cha kuibwa." Je, kitambulisho ulichoskani? PIN ya kodi ya KRA? Vyeti vya watoto? Vyote vimo humo.

Wengine watasema kila mtu ajisafishie yake. Haitoshi. Ukiogesha ng'ombe wako huku wa jirani wamejaa kupe, umepoteza dawa. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa kwenye Windows. Wengi hawakuyaweka, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo WannaCry ikapenya katika ufa huo, ikijisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Uzembe wa mmoja ulikuwa mlango wa mwenzake. Nasi tuko hatarini vilevile: tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya bure, na bado iko mezani kwa wengi.

Basi tufanye hivi. Ukishuku kompyuta yako, ikate kwenye intaneti papo hapo, na usiingie benki wala tovuti ya kodi ya iTax ukitumia mashine hiyo. Ondoa programu uliyopakua pamoja na nyongeza za kivinjari usizozijua, kisha endesha ukaguzi wa Microsoft Defender ule unaofanyika kabla Windows haijawaka. Umo ndani ya Windows na haulipiwi. Nywila zibadilishe kwa kifaa kingine kilicho safi, ukianza na ya barua pepe, na uwapigie simu wanunuzi wako uwaonye. Flashi yenye vimshale usiibofye: faili zako kwa kawaida zimo, zimefichwa tu. Ikague, fichua faili zilizofichwa, kisha futa vile vialama. Faili zikifungwa na ukadaiwa fidia, usilipe. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol na washirika wake, hutoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi vinavyofunga faili. Halafu toa taarifa kwa KE-CIRT, kituo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Mtaniambia fundi atapiga format na yaishe. Format bila nakala ya akiba ni kuchoma nyumba ili kumuua panya, na fundi akirudisha programu ileile ya wizi, mwizi naye amerudi. Mtaniambia hatuna pesa. LibreOffice ni ya bure na ni halali, na Linux pia. Kilichokosekana ni nia.

Wenye saiba, mnashika vitambulisho vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana: kagueni kila flashi kabla haijaingia. Mafundi, kataeni kuzima antivirasi ya mteja, hata akiwasihi. Walimu, vikundi vya wachongaji, makanisa, tengeni siku moja kila muhula ambayo kompyuta zote na flashi zote zitakaguliwa. Kaunti nayo itusaidie. Eti tusubiri nani? Mwezi Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa, nchi nzima ilipaza sauti. Inaposhambuliwa kompyuta ya jirani yako, paza sauti vilevile, kisha mwende mkaisafishe pamoja. Anza na yako, leo.