Chuma nacho huchoka: swali kwa vijana wa Migori na Homa Bay

Mnamo 2025 serikali ilikodisha kiwanda cha sukari cha Sony, Awendo, kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Mjadala ukawa mishahara na bei ya miwa. Sawa kabisa. Lakini wewe uliyesomea welding au umekanika, jiulize: pampu ikivunjika pale, au kule Sukari Industries, Ndhiwa, kipuri kitatoka wapi, na nani atalipwa kukitengeneza?

Siku hizi utasikia jibu moja: printa ya 3D ya chuma. Leza huyeyusha unga wa chuma kisichoshika kutu, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa chini ya milimita 0.1, hadi kipuri kikamilike. Ukikivuta kwenye mashine ya kupimia, mara nyingi huhimili kuliko chuma cha kawaida cha aina hiyo. Wauzaji hupenda kuishia hapo.

Shida ni kwamba kipuri cha pampu hakivutwi mara moja. Hutikiswa mamilioni ya mara, na bandubandu huisha gogo. Pale unga haukuyeyuka vizuri hubaki vitundu, na uso hutoka ukiwa unakwaruza. Ufa huanzia hapo, hukua polepole chini ya mzigo wa kawaida tu, kisha siku moja, pap! Ugonjwa wenyewe si mpya. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwenye ekseli za treni katika karne ya 19.

Tiba ipo: kusawazisha na kung'arisha uso, kubana kipuri kwa joto na shinikizo la gesi ili vitundu vizibe, kisha kukipima. Fundi wa jua kali haoni ajabu hapa. Anajua fremu ya boda iliyochomelewa vibaya hupasuka kando ya wedi.

Kwa hivyo kazi haiko kwenye kubonyeza printa pekee. Iko pia kwenye leithi, kwenye kung'arisha, na kwenye rangi ya kufichua nyufa, ambayo ni nafuu. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kaunti yako ikiitisha maoni kuhusu bajeti, usibaki nyumbani. Uliza: kabla ya kununua mashine ya kupigia picha, chuo chetu kina vifaa vya kupimia? Pampu ikipasuka, anayesimama karibu nayo ni kijana kama wewe.