Spoku ya Baiskeli

Wako watu katika nchi hii ambao wakiona chombo kimeundwa kwa vitu vya kuokota hucheka kwanza, ndipo waulize kinafanya nini. Wako na wengine, ambao mimi nawaogopa zaidi, hawacheki hata kidogo. Wao hupiga makofi. Maneno yangu haya yanawahusu wote, na nitaanza na wanaocheka kwa kuwa shauri lao ni jepesi.

Baada ya kustaafu ualimu wa fizikia nilirudi kwetu Ilongero kulima alizeti kama wenzangu. Lakini ualimu hauachi mtu, na Jumamosi vijana wa sekondari huja barazani kwangu tukaunda leza. Msomaji asishtuke. Mashine ya kompyuta ya kuandikia DVD ikishaharibika hutupwa, na ndani yake mna dayodi ndogo kuliko punje ya mahindi, itoayo mwanga mwekundu wa nanomita 650. Kuitoa bila kuiua ndiyo kazi yenyewe. Skrubu zake ni ndogo mno kwa bisibisi za dukani kwetu, basi nilichukua spoku ya baiskeli, nikaiponda ncha juu ya jiwe (hatuna njaa ya mawe hapa Singida) na kuinoa mpaka ikaingia. Chuma cha kulehemu tunakipasha kwenye jiko la mkaa, kama walivyofanya mafundi redio wa ujana wangu. Dayodi tunaishika kwa kibanio cha kuanikia nguo. Joto lake hunyonywa na kipande cha sufuria ya alumini iliyotoboka, kilichotobolewa tundu la kuikaza. Na kwa kuwa umeme tuli wa mwilini huweza kuiua kabla haijawaka, kila anayeigusa hufungwa waya wa shaba mkononi, na ncha ya pili imefungwa kwenye msumari uliopigwa kwenye udongo wenye unyevu chini ya mtungi.

Siku moja alipita mgeni kutoka ofisi moja ya elimu, mtu wa suti na adabu zake. Akaitazama meza yangu, akaiinua ile spoku kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Mwalimu," akasema, "kwa heshima zote, hii si sayansi. Huu ni mchezo wa watoto."

Nilimkaribisha uji. Jibu sikumpa siku ile, nalitoa leo.

Leza ya kwanza duniani iliwaka tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, Marekani, mikononi mwa Theodore Maiman. Wakubwa wa fani walikuwa wakihangaika na mitambo mizito. Yeye alichukua kijiti cha yakuti bandia, akakizungushia taa ya mweko ya wapiga picha, ya aina iliyokuwa ikiuzwa kwa mtu yeyote, akavitia ndani ya kibomba cha alumini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Theodor Hänsch na Arthur Schawlow, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, walipata leza kutoka kwenye jelatini ya jikoni iliyotiwa rangi. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobeli, Schawlow mwaka 1981 na Hänsch mwaka 2005, kwa kazi nyingine, na sikusikia kwamba jelatini iliwapunguzia hadhi. Mbona basi spoku inipunguzie mimi?

Kama kipimo cha sayansi ni kupima, na tupime. Chukua boksi, toboa tundu dogo upande mmoja, na ndani, sentimita 50 kutoka kwenye tundu, simamisha CD iliyokwaruzika, isiyopiga tena wimbo. Pitisha kwenye tundu mwanga mwekundu ulio dhaifu. CD ina mistari iliyopangana kwa umbali wa mikromita 1.6, nayo huurudisha mwanga kwa vipande: kimoja hurudi tunduni na vingine hutua pembeni kwenye boksi. Pima kwa utepe wa fundi cherehani. Kila kipande cha kwanza cha pembeni kiko kama sentimita 22 kutoka kwenye tundu. Tafuta pembe, utapata digrii 24. Zidisha saini yake kwa 1.6, na umepata nanomita 650. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliifanya hesabu hii kwa kijiti mchangani, akarudia mara mbili kwa kutoamini kwamba utepe wa mamake umepima kitu kisichofikia elfu moja ya milimita. Huo ndio mchezo wa watoto.

Sasa nije kwa wapiga makofi.

Tuliagizwa nchi nzima kwamba kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, cha fizikia, cha kemia na cha baiolojia. Tulichanga. Mimi nilichanga, na jirani yangu aliuza kuku ili achange. Kuta zilisimama mahali pengi, na mahali pengi vifaa vya kujaza kuta hizo vilichelewa sana. Ndipo nikaanza kusikia mikutanoni sifa za "ubunifu wa walimu wetu" na "zana za mazingira yetu". Maneno mazuri, na nusu yake ni kweli. Lakini sikiliza yanasemwa wakati gani. Husemwa pale mtu anapouliza fedha za vifaa ziko wapi. Ubunifu wangu umegeuzwa risiti ya kitu ambacho hakikununuliwa.

Zaidi ya hapo, wapiga makofi hawajui mahali ubunifu unapokoma, kwa sababu wao hawakai mezani.

Ndani ya mashine ileile ya DVD mna pia mwanga wa kusomea CD, wa nanomita 780, ambao jicho la mtu karibu halioni kabisa. Jumamosi moja kijana wangu hodari kuliko wote aliunganisha dayodi, akaona giza.

"Mwalimu, imekufa hii," akasema, akaanza kuiinua usoni aichungulie.

Niliupiga mkono wake kwa nguvu ambazo sikuwahi kumpiga nazo mtoto darasani. Dayodi ikaanguka. Nilipoiunganisha tena na kuielekeza kwenye karatasi, kamera ya simu yangu ya bei rahisi, inayoona asichokiona binadamu, ilionyesha doa la zambarau katikati. Ilikuwa hai.

Kwa mwanga mwekundu wa miliwati moja, jicho hupepesa lenyewe na kujiokoa. Dayodi ya kuandikia DVD hupita miliwati 100, na kope haiwahi. Kwa mwanga usioonekana kope haina habari kabisa. Lenzi ya jicho huukusanya mwanga huo mahali padogo kama ncha ya sindano, na pale nyuma ya jicho hapana maumivu ya kumwonya mtu. Ataamka kesho akiona doa jeusi katikati ya kila uso anaoutazama.

Spoku imechukua nafasi ya bisibisi na kibanio kimechukua nafasi ya koleo. Lakini miwani ya leza haina badala. Miwani ya jua ya mnadani haifai, kioo cha mchomeleaji sina namna ya kukithibitisha, na negativu za picha nilizoshauriwa na bwana mmoja msomi ni upumbavu. Inatakiwa miwani iliyotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya mwanga wa urefu ule hasa, yenye namba zake pembeni, na hiyo hununuliwa.

Tangu siku ile dayodi zote nimezifungia sandukuni, na Jumamosi tunapima CD kwa kile kitochi dhaifu tu. Nimeandika barua kuomba miwani sita. Nilijibiwa kwa maneno ya heshima, nikapongezwa kwa ubunifu wangu, na nikatiwa moyo nitafute njia mbadala katika mazingira yangu. Nimeandika barua ya pili. Ufunguo wa sanduku ninao mimi, na yule kijana ananiuliza kila wiki.