Chapa si Nakala: Jawabu kwa Wanaozidharau Picha za Wazee

Liko neno linalozagaa katika nyumba zetu za Maskati, Dubai na London kila zinapogawanywa mali za marehemu, nalo husemwa kwa yakini kama hukumu ya kadhi: "Hiyo si picha ya asili, ni chapa tu." Neno hilo likishatamkwa, picha hushushwa ukutani bila kuthaminishwa, ikatiwa katika fungu la mazulia machakavu, au akapewa yule mrithi ambaye wenzake hawakutaka apate kitu cha maana, na mara nyingi mrithi huyo ni binti. Nasema waziwazi: neno hilo limejengwa juu ya ujinga, na ujinga huo huzaa dhuluma.

Na tuanze na jambo ambalo wazee wetu walilijua vyema. Pete ya muhuri huchongwa kinyume. Maandishi yake hayasomeki sawasawa mpaka itiwe wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Je, alama iliyo chini ya hati ya wakfu ni nakala ya pete? Hasha! Alama hiyo ndiyo muhuri wenyewe, na pete ni chombo cha kuupigia. Ukiichukua hati hiyo dukani ukaitoa fotokopi, hapo ndipo umepata nakala. Hati kumi zilizopigwa muhuri mmoja ni hati kumi za asili. Fotokopi mia za hati moja hazizai hati ya pili.

Chapa za sanaa zina hukumu hiyo hiyo. Albrecht Dürer alipotoa mfululizo wake wa Apocalypse mwaka 1498, picha zile zilichongwa katika mbao ili zichapwe. Hapakuwa na picha ya rangi iliyowekwa ndani, ambayo chapa hizo ziliiga. Rembrandt naye alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikala palipokwaruzwa, kisha bamba likatiwa wino na kupitishwa mtamboni. Mchoro ule ulikusudiwa kuonekana juu ya karatasi. Makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani huzihifadhi karatasi hizo kuwa ni kazi za Rembrandt, wala hayaziiti nakala. Na huko tulikotoka, katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam iliyoanzishwa 1972, wasanii kama Robino Ntila walifanya kazi kwa njia hiyo ya mabamba. Aliyenunua chapa ya namna hiyo amenunua kazi ya msanii.

Watajibu: kitu kilichopo hamsini hakiwezi kulingana na kitu kilichopo kimoja. Hilo ni suala la uhaba na bei, wala halihusu asili. Lulu hazikosi kuwa lulu kwa sababu ziko nyingi katika mkufu.

Hata hivyo, asije mtu akadhani ninatetea kila karatasi iliyotiwa fremu. Wako wachuuzi wanaopiga picha mchoro wa rangi, wakaitoa kwa printa ya kompyuta, wakamwomba msanii atie sahihi ya penseli na kuandika 12/250 pembeni, kisha wakaiuza kwa bei ya kazi ya asili. Hiyo ni fotokopi iliyovikwa joho. Sahihi haiibadilishi, wala namba. Rembrandt hakuzipa chapa zake namba, na desturi hiyo ilienea karne nyingi baada yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baina ya aina hizo mbili ipo ya tatu, na inafaa tuijue sisi kuliko wengine: chapa za kale za miji ya pwani, mfano wa zile za albamu ya nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezuru Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848. Nyingine katika hizo fundi alizichora upya juu ya jiwe la kuchapia, akifuata picha zilizopigwa kwa kamera za mwanzo. Mwenye haki hataziita kazi za asili kwa maana ile ya Rembrandt. Lakini karatasi iliyochapwa zama zile, kwa mkono wa fundi wa zama zile, ni amana ya historia. Na bango lililotolewa kwayo jana kwa kompyuta ni nakala ya nakala.

Kwa hiyo kabla ya kugawana, ichukueni lenzi. Chapa ya bamba la shaba huacha ukingo uliobonyea kuizunguka picha, ikiwa karatasi haijakatwa. Chapa ya jiwe huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio. Chapa ya kiwandani ya siku hizi huonyesha vitone vya rangi vilivyopangwa safu safu. Mkishaona, mpelekeeni mjuzi asiye na nia ya kuinunua, muandike alisemalo katika orodha ya mirathi pamoja na dhahabu na mashamba.

Atakayesema "ni chapa tu" kabla ya hayo, mwambieni athibitishe kwanza ni chapa ya namna gani. Akishindwa, hana haki ya kumpangia mwenziwe fungu.